Vibao vya Benki ya Damu

Watoto wa mtaani kwetu wana utani wao: nyumba ya kaka yangu haina intaneti, ila ina wifi wawili. Mmoja ni mimi, dada wa mwenye nyumba, niliyehamia hapa baada ya mume wangu kufariki. Wa pili ni mke wa kaka. Mimi namwita wifi, naye ananiita wifi, na ukituita kwa pamoja tunaitika wote. Habari hii ni yake.

Wifi alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kampuni ya kusafirisha mizigo. Kampuni ilipofunga milango, mwenye kampuni aliwaambia wafanyakazi wachague vitu vya ofisini, kila mtu aende na chake. Wenzake walikimbilia friji na viti vya kuzunguka. Yeye akachukua kompyuta aliyoizoea na printa yake, printa nzito kama gunia la saruji. Kaka alipoiona ikishushwa mlangoni aliuliza kama inakula umeme. Wifi akamjibu kwamba haili hata nusu ya pasi. Basi ikawekwa sebuleni, kati ya kabati la vyombo na dirisha, nikaishonea kitambaa cha kuikinga na vumbi, na maisha yakaendelea.

Haukupita muda mrefu watu wakaanza kugonga. Huyu anataka barua ya kuomba kazi, yule kadi za harusi, mwingine tangazo la chumba cha kupangisha. Jirani mmoja aliomba kibao cha MBWA MKALI, na sote tunajua kwake hakuna hata paka. Wifi alipomuuliza, akasema mbwa yuko njiani. Mzee mwenye nyumba ya pembeni alitaka tangazo la kukataza watu kukojoa ukutani kwake, na chini yake alitaka yaongezwe maneno kuhusu mama za hao wanaokojoa. Wifi alimwangalia usoni akamwambia kwa upole kwamba kompyuta yake haina herufi za matusi. Mzee wa watu akaamini. Wifi akamchapia: TAFADHALI, NYUMA YA UKUTA HUU TUNALALA. Ukuta ukakauka wenyewe, na mpaka leo mzee yule anamsifia wifi kwa kila mtu kama vile alimjengea nyumba.

Ndivyo alivyopata jina la Mama Vibao. Hakuchukizwa nalo. Alisema ofisini walikuwa wakimwita "wewe wa mashine", kwa hiyo amepanda cheo.

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Anatengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Kwa muda alikuwa akilalamika tumbo, lakini ukimwambia aende hospitali anakuambia ni kiungulia, anakunywa maziwa na kurudi kwenye cheche zake. Siku moja, kazini, kabla ya chakula cha mchana, alikaa chini ghafla huku amejishika tumbo, uso umempauka kama majivu. Mafundi wenzake walimpakia kwenye gari la kubebea vyuma, wakapitia nyumbani kutuchukua, tukaenda naye mpaka hospitali kubwa.

Daktari hakuzungusha maneno. Alisema kidonda cha tumbo kimetoboka, damu inavuja kwa ndani, na mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji sasa hivi. Tena alihitaji kuongezewa damu. Sista wa zamu alimkabidhi wifi karatasi na kisanduku cha plastiki chenye barafu, akamwambia akimbie benki ya damu, jengo la zamani, nyuma ya maabara. Mimi nikaachwa mlangoni na viatu vya kaka mkononi.

Wifi aliondoka mbio. Hospitali ile haikujengwa mara moja. Kila walipopata uwezo waliongeza jengo, na kila jengo lina korido yake, na korido zote zimepakwa rangi moja. Milango ni ya kijani yote. Mwingine umebandikwa karatasi iliyofifia mpaka huwezi kujua ilisema nini. Wifi alifuata korido ya kwanza akajikuta kwenye madirisha ya malipo. Akarudi, akakata upande wa pili, akatokea kwa wenye mabandeji ya miguu. Alimwona mwanamume aliyevaa koti jeupe, akamkimbilia kama aliyeona maji jangwani, akamuuliza benki ya damu iko wapi. Yule bwana akamwambia samahani, mama, yeye ni muuza nyama, ametoka dukani bila kubadilisha nguo kuja kumwona mtoto wake, na je, mama anafahamu wodi ya watoto iko wapi?

Wifi akageuka tena. Aliona mlango wa nyuma uko wazi, akatoka nje kwenye uwanja wa sementi wenye kamba za nguo, akaingia jengo la kwanza lililokuwa mbele yake. Ndani mvuke ulikuwa umetanda kila mahali, mashine zinanguruma, na mwanamume mnene aliyevaa buti za mpira alikuwa akitoa mashuka kwenye beseni. Alikuwa amefika kwa dobi wa hospitali.

Dobi hakumuuliza amefuata nini. Alikiona kile kisanduku. Akafunga bomba, akapangusa mikono kwenye aproni, akachukua kisanduku ili wifi akimbie mikono mitupu, na akasema maneno mawili tu, "Nifuate, mama." Walipita nyuma ya jiko, wakachepuka kwenye uchochoro ambao mgeni angedhani ni wa kutupia taka, wakatokea mbele ya mlango wa benki ya damu. Wifi alipotoa karatasi, pumzi ilikuwa imemkatika hata kusema hawezi. Dobi ndiye aliyemweleza mhudumu. Damu ilipotolewa, hakusema sasa rudi ulikotoka. Alikibeba tena kisanduku mwenyewe.

Mimi niliwaona wakija. Nilimwona mtu nisiyemjua, buti zake zikidondosha maji korido nzima, wifi nyuma yake kitenge kimemlegea na machozi yanamtoka. Mtu yule akampa sista kisanduku, akatuambia poleni, akageuka akaenda zake. Hatukumuuliza hata jina.

Saa za kungoja sitazisimulia, kila mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi lile anazijua. Daktari alipotoka alikuwa amevua kofia. Alituambia mgonjwa ametoka salama, na kwamba kuna wakati mapigo yalishuka sana, na hapo hapo damu ikawa imefika. Wifi hakupiga kelele. Aliketi sakafuni, akaegemea ukuta, akasema "Asante" mara nyingi, na sijui kila moja ilikuwa ya nani.

Kaka alilazwa kwa muda, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa mwembamba kama ufito, anatembea amejikunja. Wifi alimhudumia vizuri, lakini nilimwona hajatulia. Siku moja alisema hawezi kuendelea kula na kulala wakati hajamshukuru yule mtu wa mashuka. Tukanunua shati jipya la mikono mirefu, saizi ya kukisia, tukalifunga vizuri, tukaenda.

Dobi alitukumbuka. Alilipokea shati kwa mikono miwili, akalipima kifuani, akafurahi kwamba linamtosha hata tumboni, pahali ambapo, alisema, wengi hukosea. Akauliza habari za mgonjwa kama anayemuulizia ndugu yake. Tukiwa bado tunazungumza, akaingia mama mmoja ameshika kichupa, anatafuta maabara. Dobi akaliweka shati juu ya rafu, akatoka naye mpaka kwenye kona, akarudi. Hatujakaa sawa, akaingia kijana anayetafuta eksrei. Ikawa vile vile. Alieleza kwamba mlango wake ndio wa kwanza mtu kuuona akitokea nyuma, kwa hiyo waliopotea wote humwagikia kwake.

Wifi akamuuliza kama hachoki.

"Kuwaongoza sichoki," dobi alisema. "Ninachoogopa ni siku nisipokuwepo. Nikiwa likizo, au nimeumwa, aje mtu na kisanduku kama chako amkute nani? Mashine haijibu."

Kisha, kwa aibu kidogo, akamwambia amesikia kwa sista kwamba yeye ni mtu wa kompyuta. Kama ingewezekana, angependa kikaratasi tu cha kubandika mlangoni, chenye maandishi makubwa.

Siku ile ile wifi alitoa kitambaa juu ya printa. Karatasi ya kwanza aliiandika kama barua ya ofisini: Wageni wetu wapendwa, mnaarifiwa kwamba sehemu hii ni ya huduma za ufuaji. Kaka, aliyekuwa amelala kwenye kochi, aliomba asomewe. Aliposomewa akasema mtu mwenye damu kwenye kisanduku akifika katikati ya sentensi hiyo mgonjwa keshapoa. Tukapunguza. Tukapunguza tena. Mwishowe kikabaki hivi: HAPA NI DOBI. BENKI YA DAMU: PITA NYUMA YA JIKO. Herufi zilikuwa kubwa kiasi kwamba kila neno lilichukua karatasi yake, tukaziunganisha kwa gundi juu ya meza ya chakula, na kwa sababu ya mvuke tukazitia ndani ya mifuko ya plastiki ya kuhifadhia vyeti. Dobi alizibandika mwenyewe, akarudi nyuma kuzitazama, akaenda mbele kunyoosha, akarudi nyuma tena.

Baadaye tukaletewa ujumbe kwamba muuguzi mkuu anamwita wifi ofisini. Alijua ameharibu. Njiani alikuwa akipanga maneno ya kuomba radhi, kwamba hakujua kubandika karatasi ukutani kunahitaji kibali. Muuguzi mkuu ni mama mrefu, mwenye miwani, asiyecheka ovyo. Alimuuliza kama ni yeye aliyeandika karatasi za kule kwa dobi. Wifi akakiri. Yule mama akavuta droo, akatoa ramani aliyoichora kwa kalamu, akasema hiyo huwapa wauguzi wapya wiki yao ya kwanza, kwa sababu hata wao hupotea. Vibao rasmi vilikuwa kwenye mipango, alieleza, lakini kila mara paa hutangulia kuvuja na vitanda hutangulia kuvunjika. Je, angeweza kuandika vya hospitali nzima? Karatasi na wino wangempa.

Wifi aliporudi nyumbani alikuwa anatabasamu tu kama aliyebeba siri. Tulipomminya akasema amepata nafasi ya kurudisha shukrani, na safari hii kwa watu ambao hata hawajaugua bado.

Kazi haikuwa mteremko. Katibu wa hospitali, mtu mpole anayependa mambo yaende kwa utaratibu, alitaka vitengo viandikwe kwa majina yake ya kwenye mafaili. Wifi naye alikuwa ameshinda kwenye korido akisikiliza watu wanavyoulizia, na hakuna aliyekuwa anatafuta Kitengo cha Uchunguzi wa Sampuli. Walikuwa wanatafuta pa kupima mkojo. Katibu alisema hawezi kuandika mkojo kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa serikali. Walivutana kistaarabu, wakanywa chai, wakakubaliana: jina la watu juu kwa herufi nene, jina la mafaili chini kwa herufi ndogo. Siku ya kubandika, katibu ndiye aliyeshika ngazi.

Kisha likatokea la mishale. Wifi alichapa mishale yote akiwa nyumbani, akikisia kutoka kwenye ramani. Kibao cha wodi ya wazazi kilitakiwa kuwa ukuta wa kushoto, lakini ukuta ule ulikuwa na mabomba, wakakibandika wa kulia, na hakuna aliyekumbuka kwamba mshale nao ungepaswa kugeuka. Asubuhi nzima kina baba waliokuja kungoja watoto wao walielekezwa jikoni. Mpishi wa hospitali ni mtu mkarimu, alidhani wametumwa. Aliwapa viti, akawapa chai, na mmoja aliyeonekana ana wasiwasi sana akampa vitunguu amenye ili atulize mawazo. Muuguzi alipomtafuta kumwambia amepata mtoto wa kike, alimkuta na kisu mkononi, machozi yanamtiririka, akajua habari zimeshamfikia.

Watu walicheka wiki nzima. Wifi hakucheka. Alirudi nyumbani akaifunika printa, akasema yeye ni wa kuandika MBWA MKALI, mambo ya hospitali awaachie wenyewe. Alilia kidogo jikoni, akidhani sioni.

Kaka ndiye aliyemtoa. Alikuwa bado hajaruhusiwa kubeba kitu, lakini kutembea anaweza. Alivaa viatu, akamwambia mkewe waende wote. "Mimi nitapotea, wewe uandike ninapopotea," alisema. Basi wakaenda, kaka mbele akiigiza mgonjwa, ingawa kwa jinsi alivyokuwa amejishika tumbo hakukuwa na maigizo mengi. Kila kona alisimama, akashangaa, akasema hapa mimi ningekwenda kule. Wifi alibandika karatasi tupu papo hapo, akachora mshale kwa kalamu, wakaufuata wenyewe waone unawafikisha wapi. Zile zilizowafikisha ndizo alizokwenda kuchapa. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiwatazama akawaambia ni vizuri, lakini yeye hakwenda shule, na mshale pekee haumwambii kitu. Kwa hiyo wifi akaongeza picha: mfupa wa eksrei, mtoto wa wodi ya wazazi, tone la damu. Tone la kwanza lilitoka kama nyanya, akalirudia mpaka likafanana na damu.

Daktari alipomruhusu kaka kazi nyepesi, hakurudi kwenye mageti. Alikata vyuma vyembamba, akachomelea fremu za kuingizia vile vibao, akazipiga rangi nyeupe, moja baada ya nyingine, akipumzika katikati. Niliwaona jioni hizo, yeye uani na fremu zake, mkewe sebuleni na printa yake ikikohoa, dirisha liko wazi baina yao, wakiulizana vipimo. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kelele zile. Nyumba ile ilikaribia sana kuwa kimya.

Walipomaliza, muuguzi mkuu aliandaa chai kwenye kantini, akawaalika waliohusika. Katibu alisema machache ya utaratibu. Kisha wakamwomba wifi azungumze. Alikuwa amejiandikia hotuba na kuichapa kwa herufi kubwa ili asikwame, lakini aliposimama na kuwaona wote wamemkazia macho, hakuvuka neno la kwanza. Alijaribu mara mbili. Kaka akainuka, akamshika bega, akamketisha, akaichukua ile karatasi. Hotuba hakuisoma. Aliikunja tu, akaishika.

"Mimi siku ile nilikuwa nimelala," alisema. "Sikumwona hata mmoja wenu. Nimeambiwa tu kwamba kuna watu walikimbia. Leo sikuja kunywa chai, nimekuja kuwaona."

Alizunguka meza, mtu mmoja mmoja, akawashika mkono: daktari, sista aliyetoa kisanduku, mhudumu wa benki ya damu ambaye alikuwa amesahau kabisa habari hiyo na sasa anafuta macho kwa kona ya leso. Mpishi alimkumbatia. Alipofika kwa dobi, aliyekuwa amevaa lile shati lake la mikono mirefu, walishikana mikono muda mrefu, mpaka sisi wengine tukaanza kuangalia vikombe vyetu. Halafu akaja kwangu. Nilimwambia aniruke, mimi ni dada yake, nilishika viatu tu. Akasema, "Hata viatu, dada. Asante."

Tulipokuwa tunaondoka, dobi alitukaribisha kwake tuone jinsi vibao vilivyokaa. Tulipita nyuma ya jiko. Njia nzima wifi alikuwa anasoma herufi zake ukutani, akinyoosha hapa na pale kwa ncha ya kidole. Kwenye uwanja wa kamba tulipishana na msichana aliyebeba faili, hakutuuliza kitu, alitazama juu, akakata kushoto, akapotelea korido ya maabara. Wifi alimsindikiza kwa macho mpaka mwisho.

Mlango wa dobi ulikuwa unakwaruza sakafu. Aliusukuma kwa bega, akatuambia tusijali, bawaba moja ilikatika zamani, yeye ameshauzoea. Kaka akachuchumaa, akaiangalia ile bawaba kwa karibu, akaigusa, akautikisa mlango kidogo. Akauliza kama Jumatatu asubuhi kutakuwa na umeme, maana angependa kuja na mashine yake.